Gauni Moja, Viatu Jozi Tatu: Swali la Wema Katika Nyumba za Pamoja za London, 1943–1946

Mwaka 1945 jiji la London lilikuwa limejaa wasichana waliokaa pamoja katika vyumba vya kupanga. Vita vilikuwa vimewatoa makwao na kuwaingiza katika wizara, viwanda, hospitali na ofisi za wachapishaji, na mabomu yalikuwa yamepunguza nyumba za kuwapokea. Mashambulio ya ndege yaliyoanza Septemba 1940, pamoja na makombora ya V-1 na V-2 yaliyoendelea kuanguka hadi Machi 1945, yaliua karibu watu 30,000 jijini humo na kuacha mitaa mizima ikiwa vifusi. Nyumba iliyobaki imesimama kati ya mbili zilizoanguka ilihesabiwa kuwa nzima, hata kama madirisha yake yalizibwa kwa mbao. Humo ndimo walimokaa, wawili wawili au arobaini kwa pamoja, wakigawana jiko, bafu, sabuni na habari za wapenzi.

Uhaba haukuisha vita vilipoisha. Nguo zilianza kuuzwa kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941, kila mtu akipewa kuponi 66 kwa mwaka. Gauni la sufu lilikula 11, viatu vya kike 5. Kufikia Septemba 1945, bunduki zikiwa zimeshanyamaza Ulaya na Asia, mgao ulikuwa kuponi 24 za kutumia kwa miezi minane. Mkate, ambao wakati wote wa vita uliuzwa bila kadi, uliingizwa katika mgao Julai 1946, na mgao wa chakula haukufutwa kabisa hadi Julai 1954. Kwa msichana mwenye mshahara wa karani maana yake ilikuwa moja: nguo nzuri ilipatikana kwa kuazimana.

Hali hiyo ilifufua swali ambalo dini na falsafa zimelirudia kwa karne nyingi: je, watu wanaogawana uhaba huwa wema kwa sababu hiyo? Wengi walioishi London wakati huo waliipamba miaka ile baadaye, wakisema kwamba watu walipendana wakiwa maskini kuliko walivyokuja kupendana neema iliporudi. Methali ya Kiswahili ina tahadhari zaidi. Isemapo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, inasema dhiki humfichua rafiki. Haisemi kwamba dhiki humuumba. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtu akiisahau hawezi kuelewa yaliyotokea katika nyumba zile.

Maandiko ya Kikristo yenyewe yanaigusa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 4, kinawaeleza waumini wa kwanza wa Yerusalemu kuwa na moyo mmoja na vitu vyao vyote shirika, kila mtu akipewa kwa kadiri ya haja yake. Sura ya 5 inafungua na Anania na Safira, waliouza kiwanja wakaficha sehemu ya fedha. Ushirika na udanganyifu vimewekwa bega kwa bega, kama kwamba mwandishi hakutaka msomaji afurahie cha kwanza kabla ya kukiona cha pili.

Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliijenga kanuni ya maisha ya pamoja juu ya sura ile ya 4 huku akiijua vema ya 5. Barua yake inayohesabiwa kuwa ya 211 ilipelekwa kwa nyumba ya wanawake watawa walioingiwa na ugomvi, nyumba ambayo dada yake mwenyewe aliwahi kuiongoza. Kanuni inayofungamana na barua hiyo inaingia hadi kabatini. Haidai kila mtu apewe sawa, kwa kuwa afya na malezi hayafanani. Yadai apewe anachohitaji. Nguo ziwekwe mahali pamoja chini ya mtunzaji, na ikiwezekana mtu asijali amepewa vazi lipi. Manung'uniko yakizuka juu ya nguo, wenye kunung'unika wapime hapo ni kwa kiasi gani wamepungukiwa na vazi la ndani la moyo. Augustino hadhani kwamba kabati la pamoja humtakasa yeyote. Analiona kuwa kipimo.

Kipimo hicho kilikuja kutumika, kwa namna ambayo askofu huyo asingeitarajia, katika riwaya ya Muriel Spark iitwayo The Girls of Slender Means, iliyotoka mwaka 1963. Spark alizaliwa Edinburgh 1918, akaenda Rhodesia ya Kusini 1937 kuolewa, na akarudi Uingereza 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. London alipanga katika Helena Club, hosteli ya wasichana iliyopewa jina la binti wa Malkia Victoria, huku akifanya kazi ya propaganda ya siri dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1954 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Hosteli ya kwenye riwaya, May of Teck Club, iko Kensington, na ni ya wanawake walio chini ya miaka thelathini ambao kazi imewalazimu kukaa mbali na familia zao. Mambo yanatokea kati ya ushindi wa Ulaya, Mei 1945, na ushindi dhidi ya Japani, Agosti mwaka huohuo; katikati uchaguzi mkuu unafanyika na Chama cha Labour chini ya Clement Attlee kinashinda.

Ghorofa ya juu ya hosteli hiyo ina gauni moja la fahari, la taffeta, lililoshonwa na Schiaparelli wa Paris, ambalo mmoja wao alipewa na shangazi yake tajiri. Wenye mwili wa kuliingia hulivaa kwa zamu wanapotoka na wanaume, na malipo ni kuponi au sabuni. Hapa inafaa kutazama kwa karibu, maana ndipo Spark anapoona mbali kuliko Augustino. Askofu alitafuta dalili ya ugonjwa katika ugomvi. Katika May of Teck Club hakuna ugomvi. Gauni linazunguka kwa amani, linarudi likiwa safi, kila mmoja anapata zamu yake na kila mmoja analipa. Mpango wa kugawana unafanya kazi vizuri kabisa. Lakini kinachoufanya uende ni hesabu ya nipe nikupe, na mpango wa aina hiyo unaweza kudumu miaka bila mtu hata mmoja kumjali mwenzake.

Mwishoni mwa Julai bomu lililolala bustanini tangu mashambulio ya awali linalipuka. Mmoja wa wanawake wachache wazee walioruhusiwa kubaki hostelini licha ya sharti la umri alikuwa akisema siku zote kwamba liko, wala hakuna aliyemsadiki. Bomba la gesi linapasuka, moto unashika, ngazi za nyumba zinakatika, na wasichana wa ghorofa ya juu wananaswa. Njia moja ya kutokea ni dirisha finyu la chooni lielekealo paa, ambalo wembamba pekee hupenya. Njia nyingine ni tundu la darini lililokuwa limezibwa kwa matofali zamani, baada ya kuzuka kashfa ya mwanamume kuingilia hapo, na wazima moto wanapaswa kulivunja. Selina Redwood, mzuri na mwembamba, anatoka mapema. Kisha anarudi ndani kwa dirisha lilelile. Anayemngoja juu ya paa, kijana mshairi aitwaye Nicholas Farringdon, anadhani amekwenda kuwasaidia wenzake. Selina anatokea tena akiwa amebeba gauni. Ndani, Joanna Childe, binti wa kasisi afundishaye usemaji wa mashairi, anakariri zaburi za jioni za siku hiyo huku wengine wakipanda. Wote wanatoka isipokuwa yeye. Nyumba inaporomoka naye.

Nicholas, ambaye hadi wakati huo hana dini bali ana nadharia za kupinga serikali zote, anapomwona Selina na gauni mkononi hufanya ishara ya msalaba bila kukusudia. Baadaye anaongoka, anakuwa mmisionari, na anauawa Haiti. Katika karatasi alizoacha kuna wazo kwamba mtu anaweza kuongoka kwa kuuona uovu sawasawa na anavyoweza kuongoka kwa kuuona wema. Wazo hilo ndilo kiini cha kidini cha riwaya, nalo ni gumu kuliko linavyosikika. Haliuhalalishi uovu. Linadai kwamba uovu ukionekana waziwazi, bila kisingizio, humwonyesha mwenye kuuona kwamba kuna kipimo kilichovunjwa ambacho hakukitunga yeye.

Madai hayo yalikuwa yakipingwa vikali katika vyuo vya Uingereza wakati huohuo. A. J. Ayer, katika kitabu chake cha 1936, Language, Truth and Logic, alieleza kwamba usemi wa kimaadili hauelezi jambo lolote lililopo. Anayesema kitendo fulani ni kibaya anatoa hisia yake tu. R. M. Hare, aliyetekwa na Wajapani Singapore na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Burma, alikuja na maelezo makini zaidi mwaka 1952: usemi wa kimaadili ni aina ya agizo ambalo msemaji yuko tayari kuliweka kwa watu wote, yeye mwenyewe akiwamo. Kwa mtazamo wa Ayer, ishara ya msalaba ya Nicholas ni mshtuko wa mwili. Kwa Hare inaweza kuwa mwanzo wa uamuzi. Hakuna kati yao ambaye angekubali kwamba Nicholas ameona kitu.

Wanawake wawili waliolipinga jibu hilo maisha yao yote walikuwa wamekaa chumba kimoja London vita vikiendelea. Iris Murdoch, aliyezaliwa Dublin 1919, aliajiriwa Hazina baada ya kuhitimu Oxford 1942, akapanga chumba cha darini katika Seaforth Place, karibu na kituo cha St James's Park, treni za chini ya ardhi zikikitikisa mchana na usiku. Philippa Bosanquet, aliyezaliwa 1920 na ambaye bibi na babu yake upande wa mama walikuwa Rais Grover Cleveland wa Marekani na mkewe, alihamia kwake na kufanya kazi katika taasisi ya Chatham House. Wote wawili walisoma falsafa Oxford pamoja na Elizabeth Anscombe na Mary Midgley, katika miaka ambayo wanafunzi wengi wa kiume walikuwa jeshini. Midgley alishikilia hadi uzeeni kwamba sauti zao zilisikika darasani kwa sababu hiyo. Seaforth Place kulikuwa na baridi kali, na inasimuliwa kwamba wasichana hao wawili walikuwa na viatu jozi tatu kwa jumla.

Viatu havikuwagombanisha. Kilichowaumiza ni watu. Murdoch alikuwa na uhusiano na Michael Foot, akamwacha kwa namna iliyomuumiza sana, akamwendea mchumi Thomas Balogh, ambaye kabla ya hapo alikuwa na Philippa. Philippa alimfariji Michael Foot, wakaoana 1945. Urafiki wa wanawake hao ulipooza kwa miaka mingi na haukupata nguvu yake ya zamani mpaka ndoa hiyo ilipovunjika, na barua za Murdoch zilizochapishwa baada ya kifo chake zinaonyesha jinsi alivyoubeba mzigo wa jambo hilo. Kisa hiki kinafaa kutajwa kwa sababu kinaondoa dhana moja nyepesi. Wasichana hao hawakuwa akina Selina. Waligawana kwa moyo, walipendana kweli, walifikiri kwa bidii juu ya haki na wema, na bado mmoja aliweza kupita katikati ya maisha ya watu watatu bila kuona vizuri alichokuwa akiwafanyia. Ukaribu wa chumba kimoja haukumpa macho.

Murdoch alihamia UNRRA, shirika la misaada la mataifa yaliyoungana, mwaka 1944, likampeleka Brussels na kisha Austria, alikofanya kazi kati ya watu waliopoteza makwao hadi 1946. Philippa Foot alirudi Oxford. Mwaka 1945 picha za kambi za mauaji za Wanazi zilionyeshwa hadharani, na alieleza baadaye kwamba picha hizo ndizo zilizomfanya aamini kuwa nadharia ya Ayer na wenzake haiwezi kuwa kweli. Ikiwa ubaya ni hisia tu, basi kati ya aliyeendesha kambi na aliyechukizwa nayo kuna tofauti ya mioyo na si zaidi. Hakuna ambaye amekosea. Foot hakukubali, akatumia zaidi ya miaka hamsini kutafuta kwa nini.

Murdoch aliichukua njia ya macho. Msamiati wake aliupata kwa Simone Weil, Mfaransa wa asili ya Kiyahudi aliyefika London mwishoni mwa 1942 kuwatumikia Wafaransa huru, akapanga chumba kwa mjane mtaa wa Portland Road, akawa anawasaidia watoto wa mjane huyo masomo yao, na akafa Ashford, Kent, tarehe 24 Agosti 1943, akiwa na miaka 34, baada ya kukataa chakula ambacho aliamini wenzake Ufaransa hawakipati. Weil alifundisha kwamba uangalifu ulio safi, unaosubiri bila kunyakua, ndio kiini cha sala na pia cha kumpenda jirani. Murdoch aliutoa uangalifu huo katika sala na kuuweka katika kila siku. Mfano wake mashuhuri, ulio katika kitabu cha The Sovereignty of Good cha 1970, ni wa mama mkwe anayemwona mke wa mwanawe kuwa hana adabu na ana utoto. Kwa nje anamtendea vyema bila dosari. Ila anajiambia kwamba huenda ana wivu na chuki ya kizamani, kisha anamtazama upya, mpaka utoto unaonekana kuwa uchangamfu na ukosefu wa adabu unaonekana kuwa uwazi. Hakuna tendo lililobadilika. Hata hivyo Murdoch anadai kwamba kazi kubwa ya kimaadili imefanyika. Adui wa kazi hiyo anamwita njozi: nafsi inayojipakia picha za kujifariji na kuziweka mbele ya watu halisi.

Kwa kipimo hicho, Nicholas naye ana la kujibu. Kabla ya moto aliipenda hosteli nzima kama picha ya jamii njema, maskini na isiyo na makucha, na akamtwika Selina picha hiyo kwa kuwa ana mwili mzuri. Hakumtazama Selina, alitazama nadharia yake ikiwa imevaa nguo. Siku ya ushindi wa Agosti, katika umati unaoimba, anamwona baharia akimchoma mwanamke kisu kimyakimya, na hakuna mwingine anayegundua. Spark anaonekana kujua, sawa na Murdoch, kwamba mji unaweza kujaa watu wanaosherehekea ushindi wa haki huku wakiwa hawana macho ya kuona kinachotokea kando yao.

Udhaifu wa fundisho la Murdoch ni kwamba linaacha mambo mengi ndani ya mtu. Mama mkwe anaweza kutazama vizuri na mke wa mwanawe akaendelea kukosa kuni. Foot alikuwa mwangalifu zaidi hapa. Alijiunga mapema na Oxfam, iliyoanzishwa Oxford 1942 kupambana na njaa, na alitaka wema uelezwe kwa kile ambacho binadamu anahitaji. Ila alikwama muda mrefu kwenye mtu wa aina ya Selina. Katika makala ya 1972 alikiri kwamba asiyejali haki wala wengine hawezi kuthibitishiwa kuwa amepingana na akili. Labda hajali tu. Wale walioona kwamba msimamo huo unauondolea wema nguvu aliwakumbusha watu wa Leningrad waliozingirwa na Wajerumani: hawakuvunjwa moyo na wazo kwamba mapenzi yao kwa mji yangeweza kutokuwapo. Walikuwa kama kikosi cha waliojitolea. Ni hoja nzuri, na bado inamwacha Selina nje ya kikosi bila kosa.

Foot mwenyewe hakuridhika nayo. Katika Natural Goodness, kitabu alichokitoa 2001 akiwa na miaka themanini, aliifuta. Mti wa mwaloni wenye mizizi dhaifu ni mti wenye kasoro, iwe kuna anayeujali au hakuna, kwa sababu mwaloni huishi kwa mizizi imara. Binadamu huishi kwa kuaminiana, kuahidiana na kusaidiana, kwa hiyo asiyeguswa na kilio cha mwenzake ana kasoro katika utu wake wenyewe na katika namna anavyotumia akili. Selina, kwa hesabu hii, hakuchagua tu tofauti na wengine. Amepungukiwa na kitu ambacho kiumbe wa aina yake anakihitaji.

Murdoch angesema hakuwaona waliobaki ndani; Foot, kwamba amepungukiwa kama mwaloni usio na mizizi. Spark asingelipokea jibu lolote kati ya hayo mawili kuwa linatosha. Selina wake haoni vibaya: anajua moto uko wapi, dirisha liko wapi, na nani wamebaki ndani. Wala hana udhaifu wa kumwombea huruma. Asubuhi na jioni hukariri maneno ya kozi yake ya utulivu wa mwili na akili, na utulivu huo anao. Uovu kwa Spark unaweza kufanywa na mtu mwenye macho mazima na afya njema, na kwa sababu hiyo uponyaji wake hautoki kwa mtu. Foot, asiyeamini Mungu, hakuwa na nafasi ya wazo hilo. Murdoch alilikaribia zaidi. Naye pia aliiacha imani ya Kikristo, lakini alishikilia kwamba mtu hajibadilishi kwa nia peke yake, kwamba anahitaji kitu kilicho nje yake cha kukielekea, na kwamba falsafa imeacha pengo mahali ilipokuwa sala. Pengo hilo alilijaza kwa Wema usio na nafsi, ambao mtu huutazama wala wenyewe haumtazami. Kwa Spark, aliyemfanya Nicholas afanye ishara ya msalaba kabla hajawa na imani yoyote, mtazamo unatoka pande zote mbili.